Koleo Moja na Foleni ya Watu

Kila niteremkapo kutoka Tunduma kwenda Msangano, bondeni Momba, hukumbuka jino nililong'olewa utotoni katika zahanati moja ya vijijini. Koleo lilitolewa katika sufuria iliyochemka juu ya jiko la mkaa. Punde kabla yangu lilikuwa limeng'oa jino la mzee mmoja. Tabibu yule hakuwa mzembe. Alikuwa na koleo moja na foleni ya watu.

Elimu ya kumsaidia ilikuwapo zamani. Mwaka 1879 Mfaransa Charles Chamberland alibuni chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke uliobanwa. Maji yanayochemka sufuriani hayavuki nyuzi 100 za Selsiasi, na kwenye miinuko ya Mbozi huchemka hata kabla ya kuzifikia. Joto hilo haliaminiki kuua mbegu sugu za bakteria, zikiwamo za pepopunda. Mvuke uliobanwa hufika nyuzi 121, na kwa dakika 15 huziangamiza, mradi vifaa vimesuguliwa kwanza kwa sabuni. Damu iliyoganda huwahifadhi vijidudu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, kila chombo kinachogusa damu kilianza kutazamwa kwa jicho jipya. Katika muongo huohuo, chuo cha meno cha Dar es Salaam kilikuwa chimbuko la jambo ambalo wanafunzi wangu wachache hulijua: Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono pekee, bila umeme wala mashine ya kutobolea. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa. Vyombo vyake ni vichache, husafishika kwa urahisi, na pasipo umeme huweza kutakaswa katika sufuria ya presha juu ya moto wa kuni au gesi.

Basi hoja ya kwamba kijiji hakiwezi kupata huduma salama mpaka kifanane na jiji imekanushwa na historia yetu wenyewe. Mwaka 2004 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kukinga na kudhibiti maambukizi. Ni hatua njema, lakini mwongozo hauchemshi maji. Anayeyachemsha ni mtumishi aliyepewa kuni au gesi, maji safi, glavu, na makoleo ya kutosha ili moja litumike wakati jingine likitakaswa.

Nawaomba ninyi mnaoandaa bajeti za halmashauri: kabla ya kuuliza zahanati imehudumia wagonjwa wangapi, ulizeni ina makoleo mangapi. Mzee aliyenitangulia siku ile hakujua aliniachia nini, nami sikujua. Mtoto wa Msangano wa leo hastahili kuponea bahati kama mimi.