Waliowasoma Watoto wa Mbinga na Nyasa

Kabla ya lami kushuka kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, elimu ya mwambao ilikuja kwa maji. Meli ya Chauncy Maples, iliyoingizwa Ziwa Nyasa mwaka 1901 na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ilijengwa iwe hospitali, kanisa na chuo cha kufundishia walimu kwa wakati mmoja. Aliyeizoea kazi ya ziwani kuliko wote ni Arkidiakoni William Percival Johnson, Mwingereza aliyeishi na watu wa mwambao kwa zaidi ya miaka 40, akafariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hukohuko. Johnson alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado kijana, akarudishiwa kiasi kidogo tu katika jicho moja. Kwa hicho kidogo alitafsiri Biblia kwa Kinyanja na kuzunguka kijiji kwa kijiji. Leo mtu kama yeye angeandikwa kwenye fomu ya shule chini ya kipengele cha uoni hafifu.

Nimeanza na mzee huyo kwa sababu shule za wakati wake, za UMCA huku ziwani na za Wabenediktini kule juu Kigonsera na Litembo, hazikuwa na fomu yoyote ya kuuliza mtoto anaona kiasi gani, anasikia nini, au kwa nini hasomeki. Aliyeshika somo alisonga mbele, aliyeshindwa alirudi kwenye mtumbwi au shambani. Hakuna aliyemwita mjinga rasmi, lakini hakuna aliyemfuata nyumbani pia.

Kumfuata mtoto ilikuwa kazi ya wengine, na milimani Umatengo kazi hiyo ilikuwa na mahali pake. Sengu ulikuwa mkusanyiko wa wanaume wa ukoo mmoja au majirani, chini ya babu mwenye boma. Kila nyumba ilileta chakula, kikawekwa pamoja, wakubwa na vijana wakala kwa kushirikiana. Baada ya kula ndipo mazungumzo yalipoanza: nani amegombana na nani, shamba la nani limechelewa kukatwa ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani, kijana gani siku hizi haongei. Mwenye kosa alisemeshwa mbele ya watu wanaomjua tangu anatambaa. Mtoto aliyekula kidogo alionekana, kwa kuwa chakula kilikuwa kimoja. Tusiupambe kupita kiasi: ulikuwa ukumbi wa wanaume, na mabinti walifundwa kwingine, kwa siri na kwa lengo moja kubwa, ndoa. Lakini kama kuna mahali Mbinga palipowahi kuwa na utaratibu wa kumsikiliza kijana kila siku bila kumwandikia barua ya wito, ni pale. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, waliofanya kazi katika kijiji cha Kindimba, waliona uzito wa jambo hilo. Wanakijiji wakaunda kamati ya maendeleo na kuipa jina hilohilo la Sengu.

Ulaya nako, mambo yalikuwa yamechukua njia ya vipimo. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa Paris kipimo cha kutambua watoto wanaohitaji mafunzo ya namna nyingine. Mwaka 1913 halmashauri ya London ikamwajiri Cyril Burt, kwa nusu ya muda, kuwa mwanasaikolojia wa shule zake. Huo ndio mwanzo wa cheo ambacho leo Uingereza kipo karibu kila halmashauri: mtu anayelipwa na serikali ya mtaa, asiye mwalimu wa shule yoyote, ambaye mwalimu akikwama na mtoto anamwita.

Kipimo cha Binet hakikufika Liuli wala Litembo. Kilichofika ni mtihani wa darasa la nne, kisha baada ya uhuru ule wa darasa la saba, na mitihani hiyo ikafanya kazi ya kuchuja kwa miongo mingi bila kutakiwa kueleza aliyechujwa ana tatizo gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Profesa Issa Omari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliungana na wataalamu wa Uholanzi, Pieter Drenth na Henk van der Flier, kuchunguza uchaguzi wa wanafunzi Tanzania: alama za mtoto zinabashiri kwa kiasi gani atakavyofanya huko mbele? Swali hilo lilikuwa la wizara na la takwimu. Kwa mwalimu wa Lituhi mwenye watoto 60 darasani lilikuwa mbali.

Mkoa wa Ruvuma, ambamo ndimo zilimo Mbinga na Nyasa, ulikuwa umejaribu njia nyingine mapema zaidi. Litowa, upande wa Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji mwaka 1960, na kutokana nacho ikakua Ruvuma Development Association, chama cha vijiji. Shule yao ya bweni ilichukua watoto wa vijiji vya chama na kujenga somo juu ya kazi ya kijiji. Wengi huihesabu miongoni mwa chimbuko la Elimu ya Kujitegemea aliyoitangaza Mwalimu Nyerere Machi 1967. Septemba 1969 chama hicho cha vijiji kilivunjwa kwa amri ya TANU, na shule ikaacha kuwa ilivyokuwa. Saikolojia haikutajwa pale, ila mwalimu aliishi na mtoto na kumwona asubuhi, shambani na jioni. Hakuna waraka uliowahi kumpa mwalimu wa Mbinga nafasi hiyo tena.

Watoto wenye ulemavu walisubiri zaidi. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilifunguliwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, nayo ya viziwi Tabora mwaka 1963, zote kwa mkono wa makanisa. Piga hesabu ya njia kutoka Mbamba Bay hadi Tabora kwa barabara za wakati ule, halafu jiulize ni mzazi gani mvuvi angemtoa mtoto wa miaka saba asiyesikia. Baadaye viziwi wakapata shule Ruhuwiko, Songea, na safari ikawa ya siku badala ya wiki. Hata hivyo wengi walibaki nyumbani, wakijulikana kijijini kwa jina la kilema chao.

Unasihi uliingia shuleni kwa mlango wa ajira. Historia inayofundishwa vyuoni huuhesabu mwaka 1984, baada ya mkutano wa maofisa elimu wa mikoa na wilaya uliofanyika Arusha. Kazi wakapewa walimu wa shule za sekondari, hasa ya kuwaeleza wanafunzi kozi na ajira. Profesa Paul Biswalo, ambaye kitabu chake cha 1996 kuhusu ushauri na unasihi katika mazingira ya Afrika kimesomwa na walimu wengi, alionyesha udhaifu uliokuwemo: mkuu wa shule alimteua yeyote aliyeonekana anafaa, awe amesomea au hajasomea. Aliyeteuliwa alibaki na vipindi vyake vyote vya Hisabati au Jiografia.

Kisha ukaja 2002, mwaka ambao kwangu ndio kiini cha historia hii. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima katika kila kata, ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na madarasa yalifurika watoto waliokuwa wameachwa nje kwa miaka. Wizara ikatoa waraka wa kutaka huduma za ushauri na unasihi shuleni. Mwaka huohuo zikatoka kanuni mpya za adhabu ya viboko: visizidi vinne, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana apigwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni pamoja na sababu yake. Hivyo fimbo ikapewa daftari, mwenye kuishika akatajwa, na idadi ikawekewa mpaka. Unasihi ulipewa mwalimu. Chumba hakikuwepo, saa hazikupunguzwa katika ratiba, na kwa shule nyingi ofisi ya nasaha ikawa ni pembe ya stoo ya vitabu, au kivuli cha mwembe ambapo kila anayepita anamwona anayelia. Na mara nyingi mwalimu wa nasaha ndiye huyohuyo wa nidhamu. Mwanafunzi wa kidato cha pili si mjinga; hamwelezi siri mtu aliyemchapa Jumanne.

Mtu atasema vyuo vikuu vimetoa wahitimu wa saikolojia ya elimu miaka yote hii, Dar es Salaam na baadaye Dodoma. Ni kweli. Lakini shahada ile iliwatengeneza wakufunzi wa vyuo vya ualimu, waliofundisha nadharia za ukuaji wa mtoto kwa walimu watarajiwa. Elimu yenyewe ilifika Mbinga, ikiwa ndani ya kichwa cha mwalimu wa kawaida na kwenye madaftari yake ya chuo. Mwenye cheo cha mwanasaikolojia wa shule hakufika.

Aliyefika ni mwalimu wa elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru mkoani Arusha, ndicho kimekuwa mama wa fani hii, na chuo kikuu cha Sebastian Kolowa kule Lushoto, kilichofunguliwa 2007, nacho kikatoa wenye shahada. Wahitimu hawa ndio waliokuja kufungua vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida, na mmoja wao huketi makao makuu ya halmashauri akiwa afisa elimu maalumu. Mwaka 2012 Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga na makao yake kuwekwa Mbamba Bay, kazi ya afisa mmoja ikawa ya wawili, angalau kwenye muundo.

Ukitaka kujua huduma ya saikolojia ya shule ina sura gani huku, mtazame mwalimu wa kitengo siku ya kuandikisha darasa la awali. Anasimama nyuma ya mtoto, hatua kadhaa, na kutamka kwa sauti ya chini majina ya vitu: ndoo, kuku, mtumbwi. Mtoto ayarudie. Asiporudia, mwalimu anasogea, anatamka tena, anaandika umbali. Kisha ukutani anabandika herufi E zilizogeuzwa huku na huku, mtoto asimame mita sita, afumbe jicho moja na kuonyesha kwa vidole herufi inatazama wapi. Vizibo vya soda ni vya kuhesabia, na shati lenye vifungo ni la kupima mikono. Halafu anamgeukia mama: alichelewa kutembea? Aliwahi kupata degedege? Huulizwa kwa upole, maana kina mama wengi huja wakiwa wameshaambiwa kijijini kwamba wamerogwa, au kwamba wao ndio chanzo.

Maswali ya mdomo ndiyo yanayomfaa zaidi mwalimu huyu, na utafiti uko upande wake. Kule ng'ambo, mashariki mwa Zambia, mwanasaikolojia Robert Serpell alipata kuwauliza wazee wa vijijini: kati ya watoto hawa, ungemtuma yupi ukiwa na jambo muhimu? Watoto waliochaguliwa hawakuwa lazima ndio waliofanya vizuri katika vipimo. Bagamoyo, timu ya Robert Sternberg na Elena Grigorenko iliwapima watoto wa shule, ikawafundisha kidogo namna ya kufanya vipimo, ikawapima tena, na alama zikapanda. Mtoto aliyeonekana mzito alikuwa, kwa sehemu, hajawahi tu kuonyeshwa mchezo unavyochezwa.

Kuna ujuzi mwingine ambao hakuna chuo kinachoutolea cheti. Mwalimu wa mwambao hulisoma daftari la mahudhurio pamoja na mwezi. Usipa, samaki wadogo wa ziwa, huvuliwa kwa taa, kwa hiyo giza la mwezi likiingia wavulana hukesha majini au ufukweni wakisubiri mitumbwi, na asubuhi wanalala juu ya madawati. Kule Maguu na Litembo mwezi hauna neno. Huko ni kahawa, na ikianza kuiva katikati ya mwaka viti huwa vitupu kuanzia nyuma kwenda mbele. Mgeni ataandika utoro, au uzito wa kuelewa. Mwalimu aliyekaa anangoja mwezi utoke, na yule ambaye bado analala mwezi ukiwa mpevu ndiye anayemwita pembeni. Ninaiita hiyo saikolojia ya shule bila kuona haya.

Wakenya walichukua njia nyingine. Mwaka 1984, kwa fedha za Denmark, walianza kujenga vituo vya upimaji na nyenzo wilayani, mahali ambapo mzazi anampeleka mtoto na kukuta watu ambao kazi yao ni hiyo tu. Uganda ikafuata miaka ya 1990. Kwetu vituo vya upimaji na ubainishaji vimechelewa, na kwa familia ya Liuli au Chiwanda neno la mwisho juu ya sikio au jicho bado huwa hospitalini, mara nyingi Songea. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zisizofika 70, imeipunguza safari hiyo kuliko waraka wowote. Nauli haijapungua.

Na haraka ipo, kwa sababu ya jambo moja la kiutawala ambalo wazazi wachache wanalijua. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 katika masomo mengine, pamoja na karatasi za nukta nundu au maandishi makubwa kwa wanaohitaji. Lakini hupewa yule tu ambaye hali yake imeandikwa wakati wa kusajiliwa, na kwa shule ya msingi orodha ya kwanza ni ya upimaji wa darasa la nne. Anayeijaza ni mwalimu mkuu, kwa kumsikiliza mwalimu wa darasa. Pale ambapo hakuna kitengo, na mwalimu wa nasaha ana vipindi 30 kwa wiki, mtoto asiyeona vizuri ubaoni husajiliwa kama wenzake wote.