Mtumwa na Nafsi

Dhikri ya Kadiria inaposikika usiku hapa Mabawa, humkumbuka Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931. Jina lake Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani kutoka Manyema, Kongo, angali mtoto, tena mtumwa.

Masufi husoma hatua tatu za nafsi ndani ya Kurani: iamrishayo maovu (Sura ya 12), ijilaumuyo (ya 75), na iliyotulia (ya 89). Wengi wetu huzipita mbio. Lakini mwenye kumilikiwa na mtu angezisomaje? Bwana wa nje amekwisha mjua. Yuko pia wa ndani, ambaye hati ya uhuru haimwondoi.

Mtumwa huyo akawa khalifa, na tarika yake ikapanda bara hadi Ujiji, kwa njia ileile ya misafara.