Transponda juu ya jahazi: tulifikaje hapa?

Mnaojua ninakoishi mtacheka mkiona kichwa cha habari cha leo. Isiolo hakuna bahari. Kuna vumbi, ngamia, miraa na barabara ya Moyale. Sasa mtu wa Isiolo na jahazi wapi na wapi?

Ngojeni niwaeleze. Dada yangu ameolewa Lamu, na mumewe ni nahodha. Usiku mmoja meli kubwa ilimpitia karibu sana hata mawimbi yake yakamwaga maji ndani ya jahazi. Alikuwa amewasha taa, akamulika na tanga kwa tochi, lakini hakuna aliyemjibu. Kesho yake akanipigia simu: "Shemeji, wewe si mtu wa kompyuta? Kuna kile chombo cha kuwaambia wenye meli kwamba mimi niko hapa. Njoo unifungie."

Kuandika programu na kufunga antena ni kazi mbili tofauti, lakini shemeji hakatazwi. Nikaanza kusoma, na nikajikuta ndani ya historia ambayo nimeona si haki kuila peke yangu.

Mfumo wenyewe unaitwa AIS. Kila chombo kinabeba redio ndogo ya VHF pamoja na GPS, na kila baada ya muda mfupi kinatangaza: mimi ni nani, niko wapi, naelekea wapi, kwa kasi gani. Walio karibu wanapokea na kukuona kwenye skrini yao, hata kukiwa na giza au mvua.

Msukumo mmoja mkubwa ulitokana na ajali. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska na kumwaga lita zaidi ya milioni 40 za mafuta. Baada ya hapo Wamarekani wakataka meli za mafuta za eneo lile ziwe zinajitangaza zilipo. Swali likawa la kiufundi: meli mia zikisema kwa pamoja kwenye masafa yaleyale, nani atasikika?

Jibu linahusishwa sana na Msweden mmoja, Håkan Lans. Dakika moja inakatwa vipande 2,250, na masafa yako mawili, kwa hiyo kuna nafasi 4,500 kila dakika. Kila chombo cha meli kubwa kinasikiliza kwanza, kinachagua nafasi iliyo wazi, kisha kinawatangazia wenzake nafasi kitakayotumia baadaye. Hakuna mwenyekiti wala seva. Saa ya kufuata wote wanaipata kwa GPS. Ndugu zangu waandishi wa programu, hebu fikirini: mtandao usio na kituo kikuu, unaofanya kazi katikati ya bahari, kwa kasi ya biti 9,600 tu kwa sekunde!

Mwaka 2000 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha kanuni ya kulazimisha AIS. Ilianza kutumika Julai 2002, na kwa meli zinazosafiri kimataifa mwisho wa kutekeleza ukawa 31 Desemba 2004. Iliwahusu meli za tani 300 kwenda juu zinazosafiri kimataifa, za mizigo za tani 500 kwenda juu zisizosafiri kimataifa, na meli za abiria bila kujali ukubwa wake. Jahazi la shemeji halimo. Wadogo walikumbukwa mwaka 2006, kilipotoka kiwango cha Daraja B: kifaa cha wati 2 badala ya 12.5, cha bei nafuu zaidi, kinachotangaza kila sekunde 30 ukiwa unatembea.

Lakini pwani yetu ikaleta swali lingine. Tarehe 15 Novemba 2008 maharamia waliiteka Sirius Star, meli ya mafuta yenye mapipa takriban milioni mbili, zaidi ya maili 450 za baharini kusini mashariki mwa Mombasa. Oktoba 2009 wakaiteka boti ya tanga, Lynn Rival, iliyokuwa ikitoka Shelisheli kuja Tanzania na wazee wawili wa Kiingereza. Kifaa chao cha dharura kilituma ishara, lakini waliachiwa Novemba 2010, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Ishara peke yake haiokoi mtu. Na AIS haichagui msikilizaji: anayetaka kukukwepa anakuona, na anayetaka kukuteka pia anaweza kukuona. Ndiyo maana katika miaka ile baadhi ya manahodha walikuwa wakiizima.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza unahitaji nambari ya MMSI ya tarakimu tisa. Za Kenya huanza na 634. Iingize kwa makini, maana vifaa vingi vya Daraja B vinakubali kuandikwa mara moja tu. Kosea, urudishe kwa muuzaji.

Pili, antena. Vitabu vinasema iweke juu kabisa ya mlingoti, kwa sababu VHF husafiri kama macho yanavyoona. Vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili ya jahazi. Foromali inapandishwa hadi juu ya mlingoti, na tanga likigeuzwa linafagia kila kitu. Antena haingemaliza wiki. Nikapiga hesabu: umbali kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Antena ya meli ikiwa mita 25 na yetu mita 9, tunapata kilomita 33. Tukiishusha hadi mita 4, kwenye mti tuliousimamisha tezi, tunapata karibu 29. Tumepoteza kilomita 4 tu! Meli ya kasi ya noti 20 inachukua dakika kama 47 kuzimaliza hizo 29. Shemeji akasema zinatosha kunywa kahawa na kugeuza tanga.

Onyo: usiwashe kifaa kabla ya kuunganisha antena, utakiunguza. Weka fyuzi karibu na betri, na funga viungo vya kebo visipate maji ya chumvi.

Tatu, aibu yangu. Niliandika programu ndogo ya kusoma ujumbe wa AIS kwenye kompyuta. Niliijaribu Isiolo kwa wiki mbili na data niliyojitungia ya pale nyumbani, ikafanya kazi vizuri. Kufika Lamu, ikasema jahazi liko latitudo 221! Nikalaumu kifaa, nikalaumu antena, nikabadilisha kebo. Baada ya saa tatu ndipo nikakumbuka: Isiolo iko kaskazini mwa Ikweta, Lamu iko kusini. Latitudo ya kusini ni hasi, na mimi sikusoma alama ya hasi kwenye zile biti 27. Jamani, jaribuni programu zenu nje ya kijiji chenu.

Hapa kwetu tunao wengine wanaotangaza walipo: tembo wa Samburu na Buffalo Springs, wenye kola za GPS za Save the Elephants, shirika lililoanzishwa 1993. Mountain Bull, tembo maarufu wa upande wa Mlima Kenya, alikuwa na kola. Mwaka 2014 majangili walimuua hata hivyo. Tembo haulizwi kama anataka kuonekana. Shemeji aliuliza: "Na nani mwingine ataniona?" Nikamjibu ukweli. Akafikiri, kisha akataka swichi ya kunyamazisha matangazo iwe karibu na usukani, mkono wake uifikie. Tukaiweka hapo.

Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na barabara inayopangwa kutoka huko inakuja hapa Isiolo. Maana yake meli kubwa zinapita walipozoea kupita wenye mashua na majahazi.

Juzi amenipigia tena. Usiku, redio yake ilimwita, na aliyeita alikuwa kwenye meli ambayo bado taa zake hazijaonekana. Alimwita kwa jina la jahazi, akamwambia atampitia upande wa kulia.

Tuonane wiki ijayo.