Chupa Inayongoja Siku Yake
Mwaka 121 KK, Lucius Opimius akiwa konsuli wa Roma, jua liliwaka vizuri na zabibu zikaiva kuliko kawaida. Mvinyo wa mwaka ule ukapewa jina lake, na wenye nazo wakaufungia kwenye mitungi. Karibu miaka 200 baadaye, Pliny Mzee aliandika kwamba uliobaki ulikuwa mzito kama asali, tena mchungu. Haukunyweka peke yake. Ulitiwa kidogo tu kukoleza mvinyo mwingine. Ulitunzwa mpaka ukageuka kiungo!

Ndiyo shida ya kitu cha thamani: kila siku inaonekana ndogo mbele yake. Harusi ya mdogo wako? Ngoja kwanza. Kazi mpya? Bado. Si mvinyo tu. Angalia kabati la sebuleni, sahani nzuri zinasubiri mgeni asiyefika.

Dorothy Gaiter na John Brecher, mke na mume walioandika safu ya mvinyo kwenye Wall Street Journal, waliulizwa sana na wasomaji: nina chupa ya pekee, niifungue lini? Mwaka 1999 wakatenga usiku mmoja wa kuzifungua zote. Baadaye ukahamia Jumamosi ya mwisho ya Februari. Wakashauri pia uweke chupa ya akiba pembeni, maana ile ya kwanza huenda imeshaharibika.

Ushauri mzuri huo. Mvinyo ukichacha, utafungua mwingine. Je, yule uliyepanga kunywa naye?