Namba 551 na nafasi ya herufi 30

Tarehe 9 Februari 1784, huko Vienna, Wolfgang Amadeus Mozart alifungua daftari jipya na kusajili humo konseto ya piano aliyokuwa ameimaliza. Ukurasa wa kushoto aliandika tarehe, aina ya utungo na ala zinazohitajika. Ukurasa wa kulia alinakili noti za mwanzo tu, kwenye mistari miwili ya muziki. Aliendelea hivyo hadi katikati ya Novemba 1791, siku ishirini kabla hajafariki. Daftari lenyewe sasa linatunzwa British Library, London.

Noti hizo za mwanzo hazikuwa pambo. Wimbo wa kawaida una jina lake, lakini utungo wa klasiki mara nyingi hauna. Ukisema "konseto ya piano ya Mozart" umetaja aina, nazo ziko zaidi ya ishirini. Noti chache za mwanzo ndizo zinazokata mzizi wa fitina.

Tabu ni kwamba daftari lilianza Mozart akiwa na umri wa miaka 28, na alikuwa akitunga tangu utotoni. Mamia ya tungo zilibaki nje ya orodha. Mjane wake, Constanze, aliuza rundo kubwa la miswada kwa mchapishaji Johann Anton André wa Offenbach, na wachapishaji wengine nao walikuwa wakitoa tungo zile zile kwa namba zao wenyewe, kila mmoja na hesabu yake. Mwaka 1851 Franz Lorenz alichapisha kijitabu cha kulalamikia vurugu hiyo. Rafiki yake, Ludwig von Köchel, akaamua kuishughulikia.

Köchel hakuwa mwanamuziki wa kazi. Alisomea sheria, akawafundisha watoto wa familia ya kifalme ya Austria, na muda wake uliobaki aliutumia kwa mimea na mawe. Mtu aliyezoea kuainisha majani alikuwa na subira inayotakiwa. Orodha yake ilitoka Leipzig mwaka 1862, ikichapishwa na Breitkopf & Härtel: tungo 626 zilizopangwa kwa miaka, kuanzia vipande vya utotoni hadi Requiem, misa ya wafu ambayo Mozart hakuwahi kuimaliza. Kila utungo ulipewa noti zake za kwanza, kama katika daftari la 1784, pamoja na namba. Herufi K na namba hiyo zikawa jina.

Watunzi wengine walifuata kwa kuchelewa, na kila mworodheshaji alishika njia yake. Wolfgang Schmieder alipoorodhesha kazi za Bach mwaka 1950 alizigawa kwa aina, kwa hiyo namba ya orodha hiyo, BWV, haikuambii lolote kuhusu mwaka. Mwaka uliofuata Otto Erich Deutsch alimpanga Schubert kwa tarehe. Dvořák naye ana kisa chake: simfoni yake maarufu iitwayo "Kutoka Ulimwengu Mpya" iliuzwa kwa miaka mingi kama ya 5, kwa sababu nne za mwanzo hazikuwa zimechapishwa. Leo ni ya 9. Mwenye santuri ya zamani na mwenye diski ya jana wanaweza kubishana kutwa nzima, na wote wakawa na haki.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa muziki ulipoingia kwenye kompyuta. Diski ya CD iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982 ilibeba sauti tu, majina yalikuwa kwenye karatasi ya kasha. Ti Kan, aliyeandika programu ya kuchezesha CD kwenye kompyuta, alibuni njia ya kuitambua diski kwa urefu wa vipande vyake, kisha wasikilizaji wenyewe wakawa wanaandika majina na kuchangiana. Kwa nyimbo za pop ilifanya kazi vizuri. Kwa klasiki, mmoja aliandika Beethoven kwenye nafasi ya msanii, mwingine kondakta Karajan, wa tatu akaandika okestra.

Mwaka 1996 Eric Kemp alitunga lebo ya faili za MP3 iitwayo ID3. Ilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti moja ya aina ya muziki, ambamo klasiki ilipewa namba 32. Mtunzi hakuwekewa nafasi. Hata mpenzi wa taarab angelalamika, maana aliyetunga shairi, aliyetia muziki na aliyeimba huenda wakawa watu watatu.

Jaribu kuandika humo simfoni ya mwisho ya Mozart kama inavyoandikwa kwenye makasha: "Symphony No. 41 in C major, K. 551". Herufi 30 zinaishia kwenye nukta iliyo baada ya K. Namba ya Köchel, kitu pekee kisichoweza kuchanganywa na kingine, ndiyo inayodondoka. Simfoni hiyo ina sehemu nne, kwa hiyo unabaki na faili nne zenye jina moja lililokatwa mkia.

Ukitumia majina ya sehemu badala yake, unaanguka shimo jingine. Kompyuta ikipanga kwa alfabeti Simfoni ya 5 ya Beethoven, sehemu ya mwisho, iliyoandikwa Allegro tupu, inaitangulia ile ya kwanza, Allegro con brio. Ushindi unakuja kabla ya vita. Nafasi ya namba ya kipande iliongezwa mwaka 1997 na Michael Mutschler, kwa kumega baiti mbili za maoni. Toleo la pili la ID3, mwaka 1998, lilileta mtunzi na kondakta, lakini nafasi kuwepo ni jambo moja na programu kuionyesha ni jambo jingine. iTunes ya Apple ilikuja kutenganisha utungo na sehemu zake mwaka 2016. Mwaka 2021 Apple iliinunua Primephonic, huduma ya klasiki peke yake, na Machi 2023 ikatoa programu ya pekee kwa muziki huo.

Namba za Köchel zenyewe nazo hazikutulia. Mwaka 1937 mtafiti wa muziki Alfred Einstein aliipanga upya orodha hiyo kufuata tarehe mpya za watafiti, na Sinfonia Concertante, K. 364, ikawa 320d. Wapigaji wakaendelea kusema 364. Makasha yakachapisha zote mbili, na wenye faili wakajaza zote mbili kwenye lebo. Toleo la orodha hiyo la mwaka 2024 limeacha mchezo wa kufuata tarehe: namba za Köchel zimerudi mahali pake, na serenadi ndogo ya nyuzi iliyopatikana katika maktaba ya jiji la Leipzig imewekwa mwishoni, K. 648, ingawa Mozart aliitunga akiwa bado kijana. Waliojaza lebo zao kwa namba za Einstein wana kazi ya kurudia.