Mseto wa uwekezaji
Mseto wa uwekezaji ni mgawanyo wa fedha za mwekezaji kati ya hisa, hatifungani, amana za benki, ardhi na mali nyingine. Msingi wake wa kihesabu uliwekwa mwaka 1952 na Mmarekani Harry Markowitz, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990: hatari ya mali moja ipimwe kwa jinsi inavyopanda na kushuka pamoja na nyingine, si peke yake.

Kwa upande wa hatifungani, soko linapobadilika, muda wa kuiva, yaani muda uliobaki hadi mtaji ulipwe, ndio huumiza wengi. Hatifungani ya shilingi 100 yenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, riba ya soko ikipanda hadi 12, hushuka bei hadi takriban shilingi 98 ikiwa imebakiza mwaka mmoja, lakini hadi karibu 85 ikiwa imebakiza miaka 20. Hili lastahili kusisitizwa, kwani Kenya na Tanzania huuza hatifungani za miaka 20 na zaidi. Anayesubiri hadi ziive hulipwa mtaji wake kamili; mfumuko wa bei, hata hivyo, huenda umekwisha kuula. Kwa hiyo, pesa zitakazohitajika karibuni, kama karo ya mwakani, hufaa zaidi kuwekwa katika dhamana za serikali za muda mfupi, zisizozidi siku 364.