Kikosi cha Pili Kilichotwaa Kombe Ugenini

Mei hii inatimia miaka 15 tangu vijana wa raga wa Argentina, wengi wao wasiojulikana nje ya klabu walizokulia, walipotwaa kombe la Afrika Kusini ndani ya Afrika Kusini. Ilikuwa mwaka 2011, katika mji wa Potchefstroom. Pampas XV 14, Blue Bulls 9. Kabla ya siku hiyo hakuna timu ya kigeni iliyowahi kushinda mashindano ya ndani ya nchi hiyo, na Pampas walifanya hivyo bila kupoteza hata mchezo mmoja msimu mzima.

Kumbukumbu hii ingenipita kimya kama isingekuwa mzee mmoja wa Nairobi, mchezaji wa raga wa miaka ya 70 na 80, ambaye kila tunapokutana uwanjani Barabara ya Ngong huniuliza swali lilelile: kwa nini Wakenya tunaijua Argentina ya Messi na Maradona, lakini hatuijui Argentina ya Pampas, ambayo ndiyo iliyotuachia kiti chake? Swali hilo nimelibeba muda mrefu. Karibu yote ninayoyaandika hapa nimeyafuata kwa njia aliyonionyesha yeye, na msomaji atavumilia iwapo nitakawia pale mzee anapopenda kukawia.

Yeye huanza na mnyama.

Chama cha raga cha Argentina kina alama ya yaguareté, yaani jagwa, paka mkubwa wa misitu ya Amerika Kusini mwenye madoa kama chui wetu. Mwaka 1965 timu yao ilikwenda Afrika Kusini kwa ziara ndefu. Huko mwandishi wa gazeti, akitafuta jina fupi la kuwaita wageni, alitazama ile alama kifuani mwao akaona puma, paka asiye na doa hata moja. Akaandika Pumas. Waargentina hawakumsahihisha. Tarehe 19 Juni mwaka huo, katika uwanja wa Ellis Park jijini Johannesburg, waliwashinda Junior Springboks 11-6, na Marcelo Pascual akafunga trai akiwa amejirusha hewani kama ndege anayetua. Picha ya mruko ule bado inatundikwa katika klabu za Argentina hadi leo. Jina la makosa likawa jina la taifa.

Mzee anapofika hapa husimama na kunikumbusha jambo ambalo wengi hulipita: Junior Springboks hawakuwa Springboks wenyewe, timu ya taifa ya Afrika Kusini. Kilikuwa kikosi cha pili. Raga ya Argentina, ambayo leo hukutana na All Blacks wa New Zealand, inahesabu kuzaliwa kwake tangu siku ilipokishinda kikosi cha pili cha wengine. Tena kocha aliyewanoa kwa ziara ile, Izak van Heerden, alikuwa Mwafrika Kusini aliyeazimwa kwao. Walikwenda kujifunza kwa mwenye ujuzi, na wakakubali kuanza na wadogo zake.

Kisha huja Bloemfontein, na hapo sauti ya mzee hubadilika.

Kufikia mwaka 1982 dunia ilikuwa imeitenga Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Sisi wa huku tulikuwa tumelipia msimamo huo: mwaka 1976 Tanzania na Kenya zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru kwa makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Wanariadha waliokuwa katika kilele cha nguvu zao walirudi nyumbani bila kukimbia. Argentina ilitafuta njia ya pembeni. Wachezaji wake walivaa jezi nyingine, wakajiita timu ya Amerika Kusini, Jaguars, wakachanganya humo wachezaji wachache wa nchi jirani, wakaenda. Yule mnyama wa kweli wa kwenye alama, aliyenyimwa jina mwaka 1965, alipewa jina lake hatimaye ili afiche sura ya wenyewe.

Mechi ya kwanza, jijini Pretoria, walichapwa 50-18. Ya pili ilichezwa Bloemfontein tarehe 3 Aprili, siku moja tu baada ya majeshi ya Argentina kutua visiwa vya Malvinas na kuanzisha vita na Uingereza. Jaguars walishinda 21-12. Pointi zote 21 zilitoka kwa mtu mmoja, nahodha Hugo Porta: trai moja, mkwaju wa baada ya trai, penalti nne na mpira mmoja wa kudondosha na kupiga. Mzee alisikia habari hiyo akiwa bado mchezaji. Anasema hakujua acheke au alie. Springboks, fahari ya utawala ule, walikuwa wamepigwa nyumbani. Lakini waliowapiga hawakupaswa kuwa pale.

Nami naona hivyo hivyo. Ustadi wa Porta siku ile haufutiki, na kosa la ziara ile halifutiki pia. Nchi ndogo kwa raga iliona mlango mmoja tu wa kukutana na wakubwa ukiwa wazi, ikaingia, na mlango huo ulikuwa wa aibu. Porta mwenyewe alirudi kwa mlango mwingine mwaka 1991, safari hii akiwa balozi wa Argentina nchini Afrika Kusini, wakati nchi hiyo ikiuvunja ubaguzi.

Kuanzia hapo hadithi ya mzee hukimbia, nami nitakimbia naye. Mwaka 1995 raga duniani iliruhusu malipo. Argentina ilibaki na ridhaa katika klabu zake; aliyetaka kuishi kwa mpira alipanda ndege kwenda Ulaya, hasa Ufaransa. Mwaka 2007 wachezaji hao wa ughaibuni, wakiongozwa na Agustín Pichot, waliwafunga Wafaransa mara mbili katika Kombe la Dunia moja, hukohuko Ufaransa, 17-12 katika mechi ya ufunguzi na 34-10 ya kuwania nafasi ya tatu. Dunia ikashangilia. Lakini kizazi kile kilikuwa kinazeeka, na nyumbani hapakuwa na ngazi ya kumtoa kijana kwenye klabu ya ridhaa hadi kwenye timu ya taifa. Kati ya Jumamosi za kirafiki za Buenos Aires na uwanja wa Springboks palikuwa na shimo.

Shimo hilo ndilo lililozaa Pampas.

Mwaka 2009 chama chao kilianzisha mpango wa wachezaji wa kiwango cha juu, wenye vituo mikoani na vijana waliolipwa ili wafanye mazoezi kama kazi. Mwaka uliofuata wakaunda timu ya kuwakomaza, wakaipa jina la nyanda pana za nchi yao, wakaisafirisha kuvuka Atlantiki ikashiriki Vodacom Cup. Shindano hilo lilikuwa uwanja wa vikosi vya pili vya majimbo ya Afrika Kusini, likichezwa wakati nyota wakiwa kwenye Super Rugby. Mtu angeweza kulidharau. Lakini fikiria ni akina nani waliokuwa humo: Blue Bulls, ambao wakubwa wao walikuwa mabingwa wa Super 14, kama Super Rugby ilivyoitwa wakati huo, mwaka 2009 na 2010 mfululizo. Aliyevaa jezi ya kikosi chao cha pili alikuwa mtu mmoja tu nyuma ya bingwa, na kila wiki alicheza kama mtu anayetaka kuvunja mlango wa kikosi cha kwanza.

Kambi ya Pampas ilikuwa Potchefstroom, mji wa chuo kikuu ambako hewa ni nyepesi na jioni za vuli ni baridi. Mwaka 2010 timu ya soka ya Hispania iliweka kambi katika mji huohuo, ikatoka hapo kwenda kubeba Kombe la Dunia. Kocha wa Pampas alikuwa Daniel Hourcade, mtu wa Tucumán. Aliishi na vijana wake kama walimu wa shule za bweni wanavyoishi na wanafunzi, miezi mitatu mbali na nyumbani, lugha ya mtaani si yao, chakula si chao, na kila mwisho wa wiki miili mikubwa ya Kikaburu ikiwasubiri kwenye skramu. Msimu wa kwanza walijifunza. Msimu wa pili, 2011, hakuna aliyewashinda, na fainali ikawakuta hapo hapo mjini walipokuwa wamelala na kuamka.

Matunda hayakuchelewa. Nicolás Sánchez, Martín Landajo na Tomás Cubelli walipitia Pampas. Hourcade alikabidhiwa timu ya taifa mwishoni mwa 2013. Agosti 2015, jijini Durban, Argentina iliwafunga Springboks 37-25, mara ya kwanza katika historia yao. Miezi miwili baadaye iliwatoa Ireland 43-20 katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Kocha aliwajua vijana wale tangu enzi za kombe ambalo magazeti makubwa hayakuliandika.

Na sasa ile habari ya kiti. Baada ya msimu wa 2013 Pampas waliondoka Vodacom Cup, wakaelekea Pacific Rugby Cup. Nafasi iliyobaki wazi mwaka 2014 walipewa Wakenya, waliocheza kwa jina la Simba XV chini ya Jerome Paarwater, kocha kutoka Afrika Kusini. Kwa mara ya kwanza vijana wetu wa wachezaji 15 kila upande walipata msimu, si ziara. Hawakutisha kama Pampas. Hakuna aliyetisha mwaka wa kwanza, hata Pampas wenyewe. Lakini katikati ya mwaka huohuo, huko Antananarivo, Kenya iliifunga Namibia 29-22 katika mchujo wa Kombe la Dunia. Siku ya mwisho ilihitaji kuimaliza Zimbabwe, ikapoteza 28-10, na Namibia ikafuzu kwa hesabu ya pointi. Tulikuwa karibu kiasi kile.

Kisha tukaondoka. Msimu mmoja, basi. Mwaka 2015 Vodacom Cup lilichezwa bila sisi, na baada ya hapo likafutwa. Mzee hamlaumu mtu kwa jina, nami sitamlaumu, kwa maana gharama za kuiweka timu ugenini miezi kadhaa ni kubwa na wafadhili wetu huimbiwa vizuri zaidi na raga ya saba. Hata hivyo ninauma midomo kila ninapoisoma ile 29-22. Tulipewa ngazi ileile iliyowapandisha Waargentina, tukakanyaga kidato kimoja tukashuka. Mwaka 2022 mlango ulifunguka tena, Simbas wetu wakacheza daraja la kwanza la Currie Cup, shindano jingine la Afrika Kusini, pamoja na Goshawks wa Zimbabwe. Julai 2025, jijini Kampala, Zimbabwe iliifunga Namibia 30-28 ikafuzu Kombe la Dunia la 2027. Sisemi ligi moja ndiyo iliyowafikisha. Nasema tu kwamba walikuwa darasa moja na sisi.

Ya karibuni nitayataja haraka. Mwaka 2016 Argentina ilipata timu ya kulipwa katika Super Rugby, nayo hatimaye ikabeba jina sahihi la yule mnyama: Jaguares. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Bloemfontein, mji wa Porta, ikaifunga Cheetahs 34-33. Mwaka 2019 ilifika fainali ikapoteza kwa Crusaders 19-3, na mwaka huohuo kikosi chake cha kukuza vipaji, Jaguares XV, kilikwenda Afrika Kusini kutwaa daraja la kwanza la Currie Cup. Halafu korona ikaja, mashindano yakavunjika, Jaguares ikafa, wachezaji wakatawanyika Ulaya. Novemba 2020, bila ligi na baada ya zaidi ya mwaka mzima bila mechi ya kimataifa, timu ya taifa iliifunga All Blacks 25-15, mara ya kwanza kabisa. Pointi zote 25 zilitoka kwa Sánchez, yule kijana wa Pampas. Tangu 2023 jina la Pampas limerudi, sasa likiwa la timu ya Buenos Aires katika Super Rugby Americas.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mzee uwanjani saa nane mchana, saa mbili kabla ya mechi kubwa. Jukwaa lilikuwa tupu, wauza chakula ndio kwanza walikuwa wanawasha jiko. Uwanjani vikosi vya pili vya klabu mbili vilikuwa vinagombania Ngao ya Eric Shirley, ligi ya wale wanaosubiri zamu. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma, mwembamba, jezi ikimpwaya, alipokea mpira mrefu wa juu akiwa peke yake na wakabaji watatu wanamjia. Mzee alinishika mkono akaniambia nimtazame huyo, nisitazame mpira.